Kuisoma Berlin kwa Miguu: Mkaaji wa Muda Mrefu na Nyayo za Kiswahili

Utangulizi

Kila mwaka baadhi ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili kutoka nchi zetu hupata nafasi ya kwenda Ulaya kwa muhula mmoja au zaidi. Wapo wanaokwenda kusoma, wapo wanaokwenda kufanya utafiti, na wapo wanaokwenda kusaidia kufundisha Kiswahili katika vyuo vikuu vya huko. Wanaporudi huulizwa swali lile lile: umeona nini? Mara nyingi majibu hufanana. Ameona lango mashuhuri, ameona mto, ameona duka kubwa, ameona theluji.

Makala haya yanakusudia kueleza namna mtu anayekaa katika mji mkubwa wa Ulaya kwa miezi kadhaa anavyoweza kuujua mji huo kwa miguu yake, na kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kufanya hivyo. Mji tuliouchagua ni Berlin, mji mkuu wa Ujerumani. Uteuzi huu si wa kubahatisha. Kiswahili kilianza kufundishwa huko mwaka 1887, na miongoni mwa waliokifundisha walikuwamo watu wa Afrika Mashariki ambao majina yao hayajulikani vya kutosha hata katika idara zetu. Nyayo zao bado zimo mjini, lakini haziwezi kuonekana kupitia dirisha la basi la watalii.

Mgeni wa siku mbili na mkaaji wa miezi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii kwa kawaida hutumiwa kuwakumbusha wageni wasijibweteke. Lakini inatufaa hapa kwa maana nyingine. Mgeni wa siku mbili huonyeshwa mji. Mkaaji wa miezi hana budi kuutafuta mwenyewe, na jembe lake ni miguu.

Tofauti kati ya hao wawili ni kubwa. Mgeni wa siku mbili hupanda treni ya chini ya ardhi, akatokea mahali maarufu, akapiga picha, akashuka tena chini. Mji wake ni visiwa vilivyotawanyika gizani. Mkaaji wa muda mrefu ana jambo moja ambalo mtalii hana, nalo ni kurudia. Anaweza kupita njia ile ile mwezi wa Oktoba na mwezi wa Machi. Anaweza kukosa jambo leo akaliona kesho. Anaweza kusimama mbele ya kibao cha jina la barabara, akarudi nyumbani kutafuta maana yake, kisha akaenda tena akiwa anajua anachokitazama.

Mkaaji huyo pia ana wajibu ambao humfunga na mji. Anayehamia makazi ya kudumu Ujerumani anatakiwa kujiandikisha katika ofisi ya serikali ya mtaa ndani ya siku 14. Karatasi anayopewa humfungulia mambo mengi, kuanzia akaunti ya benki hadi kadi ya maktaba. Tangu siku hiyo ana anwani, na mwenye anwani hujifunza mji kuanzia mlangoni pake. Kwa hiyo ushauri wa kwanza ni huu: usianze na lango mashuhuri. Anza na barabara unayoishi, uimalize yote, kisha zile zinazokatiza. Watu wa Berlin wana neno lao kwa eneo hilo dogo la nyumbani: Kiez. Wanafunzi wa tafsiri hupata shida nalo, ilhali Kiswahili kinalo neno linalokaribiana nalo sana, yaani mtaa. Neno mtaa kwetu halitaji barabara tu. Linataja nyumba, watu, duka la karibu na habari zinazozunguka. Kiez ni hivyo hivyo.

Mji ulivyo

Berlin ina eneo la takriban kilomita za mraba 891. Kutoka mashariki hadi magharibi ni kilomita 45 hivi, na kutoka kaskazini hadi kusini ni kilomita 38 hivi. Kwa kulinganisha, jiji la Kampala lina takriban kilomita za mraba 189. Hapana mtu awezaye kuutembea wote kwa wiki moja. Lakini ardhi yake ni tambarare. Mtu aliyezoea vilima vya Kampala, Kigali au Bujumbura atashangaa jinsi kilomita kumi za huko zilivyo nyepesi. Moja ya vilima vyake vikubwa, Teufelsberg, chenye urefu wa mita 120 hivi juu ya usawa wa bahari, kilijengwa na watu kwa vifusi vya nyumba zilizobomolewa katika Vita Vikuu vya Pili.

Ukubwa huo una historia. Mwaka 1920 mji wa zamani uliunganishwa na miji midogo na vijiji vilivyouzunguka, vikawa Berlin moja. Ndiyo maana mji huu hauna kitovu kimoja. Kila wilaya, nazo ni 12 tangu mabadiliko ya mwaka 2001, ina soko lake, ukumbi wake wa serikali na mara nyingi kanisa lake la zamani. Tena, kuanzia mwaka 1961 hadi 1989 mji ulikuwa umegawanywa kwa ukuta. Sehemu kubwa ya ukuta ilikwisha kubomolewa, lakini katikati ya mji mistari miwili ya mawe iliyopandwa katika lami inaonyesha ulikopita. Ukuta ulioizunguka Berlin Magharibi ulikuwa na urefu wa kilomita 155 hivi, na leo ipo njia ya waenda kwa miguu na baiskeli inayoufuata mzunguko huo. Mkaaji anaweza kuimaliza kidogo kidogo, kila Jumapili kipande kimoja, kisha akarudi kwa treni.

Jumapili ndiyo siku bora ya kutembea, kwani maduka mengi hufungwa kwa mujibu wa sheria na barabara huwa tulivu. Hata hivyo kuna kanuni ambazo mgeni anapaswa kuzijua mapema:

- Pembeni mwa barabara nyingi kuna njia mbili: moja ya waenda kwa miguu na moja ya baiskeli, ambayo mara nyingi ina rangi nyekundu. Anayetembea juu ya njia ya baiskeli hupigiwa kengele, na hakuna atakayemwonea huruma.
- Kuvuka taa ikiwa nyekundu ni kosa linalotozwa faini, hata kama hakuna gari. Jambo linalowakera wenyeji zaidi ni kuvuka hivyo mbele ya watoto.
- Namba za nyumba hufuata taratibu mbili. Katika barabara nyingi za zamani namba hupanda upande mmoja hadi mwisho, kisha hurudi kwa upande wa pili, kama umbo la kiatu cha farasi. Hivyo namba 5 inaweza kutazamana na namba 190. Katika barabara mpya zaidi, witiri huwa upande mmoja na shufwa upande mwingine. Vibao vingi vya pembeni huonyesha namba za kipande hicho. Visome kabla ya kuanza kutembea.
- Nyumba nyingi zina nyua ndani kwa ndani. Nyumba za ghorofa za karne ya 19 zilijengwa hivi ili kuwapakia wafanyakazi wengi. Kanuni ya ujenzi ya mwaka 1853 ilidai ua uwe na mita 5.34 tu kila upande, kipimo kilichotosha kugeuza pampu ya zimamoto. Nyua nyingine, kama Hackesche Höfe zilizofunguliwa mwaka 1906, ziko wazi kwa wapitao. Nyua za makazi ni za wenyewe. Usiingie bila kualikwa.

Jambo jingine lisemwe wazi. Mtu mweusi anayetembea polepole akitazama nyumba za watu anaweza naye kutazamwa. Wengi watampita bila neno, wengine watamwuliza kama amepotea, na wachache watamwonyesha kwamba hawamtaki. Haya hayatokei kila siku, lakini anayekwenda ajue yapo. Tutaona kwamba walimu wa Kiswahili waliotutangulia walikutana na makubwa zaidi.

Jua na saa

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, somo la kwanza la Berlin huenda likawa somo la saa. Hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya jua la karibu na ikweta: jua huchomoza kwenye saa 12 asubuhi na kuzama kwenye saa 12 jioni, mwaka mzima, kwa tofauti ndogo tu. Huko hesabu hiyo hukosa mguu wa kusimamia. Katikati ya mwezi wa Desemba jua huchomoza kiasi cha saa 2.15 asubuhi na kuzama kabla ya saa 10 jioni. Katikati ya Juni huchomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama kiasi cha saa 3.30 usiku.

Ukimwambia mwenzako "tuonane saa 11 jioni" katika mwezi wa Desemba, neno jioni halina jua la kuliunga mkono; ni giza tupu. Na mwezi wa Juni "saa 2 usiku" ni mchana mweupe, watoto wanacheza nje. Mwalimu anaweza kulitumia jambo hili darasani kueleza kwamba maneno asubuhi, mchana, jioni na usiku ni ya jua, si ya saa ya ukutani.

Kwa mtembezi, maana yake ni ya vitendo. Wakati wa baridi matembezi yaanze mapema na yawe mafupi, kilomita nne au tano. Viatu viwe na soli yenye meno, kwani barafu huganda njiani. Wenye nyumba hawaruhusiwi kumwaga chumvi kwenye njia za miguu, kwa hiyo humwaga vijiwe vidogo, na vijiwe hivyo hubaki njiani hadi majira ya kuchipua. Wakati wa kiangazi mtu anaweza kutoka kazini, akala, kisha akatembea saa tatu kabla ya giza kuingia.

Yafuatayo ni matembezi matatu. Kila moja linaweza kufanywa kwa nusu siku, lakini ni bora lirudiwe.

Matembezi ya kwanza: chuo na barabara ya watawala

Anzia barabara ya Unter den Linden, mbele ya jengo kuu la Chuo Kikuu cha Humboldt. Mwaka 1887 chuo hiki, wakati huo kikiitwa Friedrich-Wilhelm, kilifunguliwa Seminari ya Lugha za Mashariki. Lengo lake halikuwa mapenzi ya lugha peke yake. Ujerumani ilikuwa imeanza kutwaa ardhi Afrika Mashariki, ikahitaji maofisa, wafanyabiashara na wamisionari wanaojua kusema na watu. Kiswahili kikawa miongoni mwa lugha zilizofundishwa tangu mwanzo.

Maprofesa walikuwa Wajerumani, lakini sauti ya lugha ilitoka kwa wasaidizi walioletwa kutoka kwetu. Sleman bin Said kutoka Zanzibar alifundisha kuanzia mwaka 1889. Baada yake alikuja Amur bin Nasur, naye wa Zanzibar, aliyekaa Berlin kuanzia mwaka 1891 hadi 1895. Huyu anatuhusu sana, kwa sababu aliandika kwa Kiswahili habari za safari yake na za mji aliouona, na maandishi yake yalichapwa Ujerumani miaka hiyo hiyo ya 1890. Kwa hiyo mmoja wa waandishi wa kwanza wa Kiswahili kueleza mji mkubwa wa Ulaya kama mkaaji, si kama mpita njia, alikuwa mwalimu wa Kiswahili.

Mwaka 1900 alifika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo. Kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho wengi wetu tumekisoma au kukisikia, kilichapwa mwaka 1903, na sehemu kubwa ya maelezo yake ni kazi ya Mtoro. Jina lililotangulia juu ya jalada ni la Carl Velten, mwalimu Mjerumani wa Seminari. Mwaka 1904 Mtoro alimwoa mwanamke Mjerumani. Mwaka uliofuata alitaka kurudi nyumbani pamoja na mkewe, lakini serikali ya kikoloni ilimkatalia kukaa naye huko, wakalazimika kurudi Ujerumani. Baadaye alifundisha Hamburg, na alifariki Berlin mwaka 1927.

Tembea sasa kuelekea magharibi, takriban kilomita moja, hadi karibu na Lango la Brandenburg, kisha pinda kushoto uingie Wilhelmstraße. Hapa zilikuwa ofisi kuu za serikali ya Ujerumani. Nyumba ya Kansela ambamo Mkutano wa Berlin ulifanyika, kuanzia Novemba 1884 hadi Februari 1885, haipo tena. Mahali pake, kwenye namba 92 ya leo, pana nyumba za ghorofa za kawaida na bango la ukumbusho. Watu wanaishi hapo, wanaanika nguo, wanapeleka watoto shule. Wanafunzi wetu hutarajia kuona jumba. Somo lililopo ni kwamba mahali palipoamuliwa mambo mazito kiasi hicho panaweza kupitwa bila mtu kugeuza shingo.

Hapa pia tunaweza kusahihisha maelezo yanayorudiwa sana darasani. Mkutano wa 1884 na 1885 haukuchora mipaka yote ya Afrika kwa siku moja. Uliweka kanuni za kutwaa na kugawana. Mipaka yetu mingi ilitokana na mikataba iliyofuata, mojawapo ukiwa mkataba wa Uingereza na Ujerumani uliotiwa saini Berlin tarehe 1 Julai 1890, ambao uliiweka Uganda upande wa Waingereza.

Karibu na hapo kuna barabara iliyobeba kwa karne nyingi jina la kuwadhalilisha watu weusi. Baada ya miaka mingi ya madai na kesi, tarehe 23 Agosti 2025 ilipewa jina la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ghana, akafundisha katika vyuo vya Ujerumani karne ya 18.

Matembezi ya pili: mifupa na jiwe

Matembezi haya yanaanza kwenye jumba la makumbusho ya maumbile, Museum für Naturkunde, katika Invalidenstraße. Ukumbini umesimamishwa mfupa mzima wa dainosaria mwenye kimo cha mita 13.27. Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, katika Tanzania ya leo, kati ya mwaka 1909 na 1913. Uchimbaji ulitegemea mamia ya wafanyakazi wa hapo na wapagazi walioibeba mifupa hadi bandarini kwa miguu. Msimamizi wao aliitwa Boheti bin Amrani. Mtembezi akumbuke hilo anapolalamika kwamba miguu imechoka.

Ukitoka, fuata Invalidenstraße kuelekea mashariki, chini ya kilomita mbili, hadi Brunnenstraße, kisha pinda kulia. Tafuta namba 193. Hapa kanuni ya namba tuliyoieleza itakufaa. Usitazame ukutani, tazama chini. Katika njia ya miguu kumepachikwa jiwe dogo lenye bamba la shaba ya manjano, sentimita kumi kwa kumi. Mawe haya huitwa Stolpersteine, yaani mawe ya kujikwaa. Yalibuniwa na msanii Gunter Demnig kuwakumbuka watu waliouawa au kuteswa na utawala wa Wanazi, kila jiwe mahali mtu alipoishi kabla ya kukamatwa. Berlin peke yake ina zaidi ya elfu kumi. Mengi huanza kwa maneno ya Kijerumani yenye maana ya "hapa aliishi".

Jiwe hili, lililowekwa mwaka 2007, ni la Bayume Mohamed Husen, ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mahjub bin Adam Mohamed. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mwana wa askari wa jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe aliingizwa jeshini angali mtoto katika Vita Vikuu vya Kwanza. Alifika Berlin mwaka 1929 akidai mishahara ya jeshi ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Madai yalikataliwa. Alifanya kazi ya kuhudumia wateja katika nyumba maarufu ya starehe pale Potsdamer Platz, akaigiza katika filamu, na kwa miaka kadhaa akawa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika ile ile Seminari. Mwaka 1941 alikamatwa kwa sababu ya uhusiano na mwanamke Mjerumani, akapelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa mji. Alifariki humo tarehe 24 Novemba 1944.

Tuseme wazi: mtu huyu alikuwa mwenzetu wa kazi. Alisimama mbele ya darasa akasahihisha matamshi ya watu ambao nchi yao ilimnyima haki, kisha uhai. Mtalii hapiti Brunnenstraße kwa ajili yake. Sisi tuna sababu ya kupita.

Kutoka hapo, ukirudi juu kwa Brunnenstraße, utafika Bernauer Straße, ambako kipande cha Ukuta wa Berlin kimehifadhiwa. Ni mahali pazuri pa kukaa na kuandika kabla ya kurudi nyumbani.

Matembezi ya tatu: mtaa wa majina ya Afrika

Panda treni ya chini ya ardhi, mstari wa U6, ushuke kituo cha Rehberge au cha Afrikanische Straße katika eneo la Wedding. Barabara za hapo zilianza kupewa majina ya Afrika mwaka 1899, na majina yakaendelea kuongezwa kwa miongo mingi. Kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza mfanyabiashara wa wanyama Carl Hagenbeck alikusudia kuweka hapo bustani ya maonyesho ya wanyama na watu kutoka makoloni; vita vikavunja mpango huo. Majina yalibaki.

Msomaji kutoka nchi zetu atatembea hapo kama anayesoma orodha ya jamaa zake: Ugandastraße, Kongostraße, Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Kuna na Mohasistraße, nalo ni ziwa Muhazi la Rwanda. Si kila jina ni la nchi iliyotawaliwa na Wajerumani, kama jina la Uganda linavyoonyesha.

Mwanaisimu ana chakula hapa. Katika Kijerumani herufi s ikitangulia irabu mwanzoni mwa neno hutamkwa z. Ndiyo maana Zanzibar huandikwa Sansibar, na Muhazi ikaandikwa Mohasi. Nasi tuna maneno yaliyosafiri kinyume chake: shule yametoka kwa Kijerumani, na hela imetokana na sarafu ya Heller iliyotumika katika koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani. Sarafu imekufa, neno lingali mfukoni mwetu.

Jambo zito zaidi ni majina ya watu. Barabara moja ya hapo ilipewa mwaka 1939 jina la Carl Peters, mtu aliyekusanya mikataba ya hila Afrika Mashariki na kujulikana kwa ukatili. Mwaka 1986 serikali ya mtaa ilitangaza kwamba jina hilo sasa linamkumbuka Peters mwingine, mpinzani wa Wanazi, ingawa kibao kilibaki kusomeka vile vile. Waafrika wakaao Berlin na wenzao Wajerumani hawakuridhika. Baada ya miaka mingi, tarehe 23 Agosti 2024, kipande kimoja kiliitwa Anna-Mungunda-Allee, kwa heshima ya mwanamke wa Namibia, na kipande kingine Maji-Maji-Allee, kwa kukumbuka vita vya mwaka 1905 hadi 1907. Hivyo leo neno la Kiswahili, tena takriri kamili, linasomeka kwenye kibao cha barabara ya Berlin. Anayefuata kanuni za Kijerumani peke yake angelitamka "mayimayi".

Si hapo tu. Katika eneo la Neukölln, kusini mwa mji, barabara iliyokuwa na jina la Hermann von Wissmann, kamanda na gavana wa kikoloni, tangu mwaka 2021 inaitwa Lucy-Lameck-Straße. Lucy Lameck alikuwa mwanamke wa kwanza kuingia katika serikali ya Tanganyika kama naibu waziri. Ukishamaliza barabara hiyo, Tempelhofer Feld iko karibu: uwanja wa ndege uliofungwa mwaka 2008 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2010, mahali ambapo mtu anaweza kutembea katikati ya njia ya kurukia ndege bila kuulizwa.

Faida kwa darasa

Matembezi ya aina hii yanaweza kuletwa darasani hata kwa wanafunzi wasiotarajia kusafiri. Tunapendekeza mazoezi yafuatayo:

1. Kila mwanafunzi achague barabara moja ya mji wake, aitembee mara tatu kwa siku tofauti, na aandike maneno 300 baada ya kila mara. Darasa lilinganishe kilichoongezeka.
2. Wanafunzi wakusanye majina ya barabara kumi, waeleze asili ya kila jina, na wajadili nani amekumbukwa na nani ameachwa.
3. Waeleze kwa Kiswahili njia kutoka mahali hadi mahali bila kutumia ramani, wakizingatia vielezi vya mahali na viambishi pa-, ku- na mu-. Hakuna zoezi linalofunua udhaifu wa ngeli ya mahali kama hili.
4. Walio ng'ambo watume barua kwa idara kila mwezi, kwa Kiswahili, wakieleza mtaa wanaoishi.

Hitimisho

Pendekezo la mwisho ndilo tunalolisisitiza. Wengi wa wenzetu wanaokaa Ulaya huandika mengi, lakini huandika kwa lugha za huko na kwa ajili ya wasimamizi wa huko. Kiswahili, ambacho ndicho kilichowapeleka, hakipati hata ukurasa. Zaidi ya miaka 130 iliyopita Amur bin Nasur alikuwa na uhuru mdogo kuliko wao, alikuwa mbali zaidi na nyumbani, na bado alituachia mji wa Berlin katika lugha yetu. Humboldt bado inafundisha Kiswahili, na walimu na wanafunzi wetu wataendelea kwenda. Anayeondoka mwaka huu tunamwomba mambo mawili: viatu imara na daftari. Ukurasa wa jarida hili tutamwekea.